MKATABA BILA MLINZI

Wasomaji wetu wengi ni watu wa kalamu. Kazi yetu ya kila siku ni kupokea barua, kuiandika katika daftari, kuipa namba, kuipeleka kwa mkubwa anayehusika, na kuihifadhi mahali itakapopatikana siku itakapotakiwa. Kwa hiyo twaona yatufaa kuyatazama mambo yaliyopita katika Ulaya kati ya mwaka wa 1919 na mwaka wa 1939. Habari za miaka ile ishirini aghalabu husimuliwa kama habari za majeshi na mizinga, hali sehemu kubwa ni habari za karatasi: mikataba, taarifa, barua za malalamiko na maazimio. Ujerumani ilijenga jeshi lake upya mbele ya macho ya dola zilizokuwa na haki ya kuizuia, na karibu kila hatua kubwa ilijibiwa kwa maandishi mazuri. Neno tutakalo kulisema ni hili: barua ya lawama isiyofuatwa na tendo humfundisha anayelaumiwa kwamba aweza kuendelea.

Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Masharti yake ya silaha yalikuwa wazi kiasi ambacho karani yeyote angeweza kuyapanga katika safu. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani lisizidi watu 100,000. Watu wasiandikwe jeshini kwa lazima. Pasiwe na vifaru, wala ndege za vita, wala nyambizi. Mabaharia wasizidi 15,000, na manowari kubwa zisizidi sita. Nchi yote iliyo magharibi ya mto Rhine, pamoja na ukanda wa kilometa 50 upande wa mashariki, isikae askari wala kujengwa ngome. Kwa mkataba huohuo Ujerumani ilivuliwa makoloni yake yote, na ndiyo sababu Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Uingereza, na Ruanda na Urundi chini ya Ubelgiji.

Masharti yalikuwa mengi, lakini wa kuyasimamia walikuwa wachache, na nia yao haikuwa moja. Marekani, ambayo Rais wake Wilson alijitahidi kuliko wote ili Chama cha Mataifa kiundwe, haikuingia katika Chama hicho. Ufaransa ilitaka masharti yashikwe yote, kwa kuwa ilikuwa jirani na ilikuwa imeumizwa. Uingereza iliona afadhali Ujerumani isimame tena, biashara ipate kurudi. Wakaguzi wa silaha waliowekwa na dola zilizoshinda waliondoka mwanzo wa mwaka 1927, na majeshi ya mwisho ya kigeni yakaondoka katika nchi ya Rhine mwezi wa Juni 1930, miaka mitano kabla ya siku iliyowekwa. Mkataba ukabaki peke yake.

Wako wasemao kwamba uvunjaji ulianza siku Hitler aliposhika madaraka, tarehe 30 Januari 1933. Sivyo. Tangu miaka ya 1920 na kitu, jeshi la Ujerumani lilikuwa na mapatano ya siri na Urusi ya Kisovieti. Huko Lipetsk marubani wa Kijerumani walifundishwa kurusha ndege za vita, na karibu na Kazan walifundishwa kuendesha vifaru, mbali na macho ya wakaguzi. Na lile jeshi dogo lililoruhusiwa lilifundishwa kwa namna ambayo kila mtu aweza kushika cheo cha juu zaidi siku jeshi litakapopanuliwa. Alichokifanya Hitler ni kuichukua kazi iliyokuwa ikifanywa kwa uficho na kidogo kidogo, akaifanya kwa haraka na kwa wingi.

Hapa wenzetu wa idara za hesabu watasikiliza. Fedha za kazi ile zilitoka wapi, bila kuonekana katika bajeti? Bwana Schacht, mkuu wa Benki ya Ujerumani, alisaidia kuanzisha kampuni iliyoitwa kwa kifupi Mefo. Rasilimali yake ilikuwa Mark milioni 1 tu, na kazi ya kutengeneza kitu haikuwa nayo. Wenye viwanda vya silaha walipoleta madai yao, walilipwa kwa hati za kampuni hiyo, na Benki ikazidhamini. Hata mwaka 1938 hati hizo zilikuwa zimefika kadiri ya Mark bilioni 12. Mwezi wa Januari 1939 Schacht na wenzake wa Benki walipoandika kwamba matumizi yamepita kiasi na fedha ya nchi itaharibika, aliondolewa kazini. Deni lililofichwa hutafuta mtu wa kulilipa, na serikali iliyokwisha kutumia hivyo huanza kutazama dhahabu na viwanda vya jirani zake.

Je, dola nyingine hazikujua? Zilijua. Tarehe 26 Aprili 1933, Hitler akiwa hajamaliza hata miezi mitatu katika kazi yake, balozi wa Uingereza katika Berlin, Sir Horace Rumbold, alipeleka London taarifa ndefu. Alikuwa amekisoma kitabu cha Hitler na kuzisikiliza hotuba zake, akaeleza kwamba hotuba za amani zisichukuliwe kuwa nia yenyewe, maana mtu huyu anataka kuwalaza majirani mpaka awe tayari. Taarifa ile ilisomwa na wakubwa, ikathaminiwa kwa uandishi wake, ikahifadhiwa. Mwenyewe alistaafu mwaka uleule. Mwezi wa Oktoba Ujerumani ikatoka katika Mkutano wa Kupunguza Silaha na katika Chama cha Mataifa, siku moja.

Mwezi wa Machi 1935 uficho ukaisha. Ujerumani ilitangaza kwamba inayo majeshi ya anga, kisha tarehe 16 ikatangaza kwamba vijana wataandikwa jeshini kwa lazima, na kwamba jeshi litakuwa la divisheni 36. Uingereza ikapeleka barua ya malalamiko tarehe 18. Tunawaomba wasomaji waitazame barua ile kama makarani. Sehemu yake ya kwanza yalaumu uvunjaji wa mkataba. Sehemu yake ya mwisho yauliza kama Serikali ya Ujerumani ingali yapenda kuwapokea mawaziri wa Uingereza waliokuwa wamekusudia kuitembelea. Jibu lilikuwa kwamba yapenda sana. Mawaziri wakaenda, wakapokewa kwa heshima, wakaambiwa na Hitler mwenyewe kwamba majeshi yake ya anga yamekwisha kulingana na yao. Mwandikiwa barua husoma mstari wa mwisho kwa uangalifu kuliko ya kwanza, kwa kuwa humo ndimo hujua mwandishi atafanya nini.

Mwezi wa Aprili Uingereza, Ufaransa na Italia zilikutana Stresa, zikaahidiana kusimama pamoja; na Chama cha Mataifa kikapitisha azimio la kulaumu. Baada ya miezi miwili hivi, tarehe 18 Juni 1935 Uingereza ikafanya mapatano yake yenyewe na Ujerumani, bila shauri la Ufaransa wala la Italia, kwamba Ujerumani iweze kuwa na manowari hata 35 katika kila 100 za Uingereza, na nyambizi pia. Yale yaliyokatazwa katika mkataba mmoja yakaruhusiwa katika mwingine, na aliyeruhusu ni mmoja wa walinzi wa ule wa kwanza. Mwezi wa Oktoba Italia ikaishambulia Ethiopia. Chama cha Mataifa kikaiwekea vikwazo vya biashara, lakini mafuta, ambayo bila hayo magari na ndege haziendi, hayakutiwa katika orodha. Waafrika wengi waliokuwa wakisoma magazeti wakati ule walielewa mapema kuliko wakubwa wa Ulaya thamani ya ahadi za Geneva. Naye Hitler alikuwa akisoma vilevile.

Tarehe 7 Machi 1936, siku ya Jumamosi, majeshi ya Ujerumani yaliingia katika nchi ya Rhine. Yakini ilikuwa ni siku ambayo jambo lingaliweza kusimamishwa. Kati ya vikosi vilivyoingia, vitatu tu ndivyo vilivyoendelea mpaka Aachen, Trier na Saarbrücken, karibu na mipaka, navyo vilikuwa na amri ya kurudi nyuma wakikutana na Wafaransa. Ufaransa ilikuwa na jeshi kubwa kuliko lao. Walakini mkuu wa jeshi la Ufaransa, Jenerali Gamelin, alisema kwamba haiwezekani kufanya jambo dogo, sharti watu wote waitwe vitani. Na serikali, iliyokuwa ikingojea uchaguzi, ikaogopa gharama na ikaogopa wapiga kura. Uingereza, iliyokuwa mdhamini wa mapatano ya Locarno ya mwaka 1925, ikashauri subira. Baraza la Chama cha Mataifa likakutana London, likakata shauri kwamba ni kweli, Ujerumani imevunja mkataba. Tena ni lazima kukumbuka kwamba siku ileile ya kuingiza askari, Hitler alitoa ahadi mpya ya kutoshambuliana na Ufaransa na Ubelgiji kwa muda wa miaka 25. Watu wakaizungumza ahadi, wakawaacha askari.

Haitupasi kuwahukumu watu wale kama kwamba walikuwa wapumbavu au waovu. Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vilikuwa vimewaua vijana wao kwa mamilioni, na kila kijiji cha Ufaransa kilikuwa na jiwe lenye majina. Hazina zao zilikuwa zimedhoofishwa na taabu ya biashara iliyoanza mwaka 1929. Waingereza wengi wenye nia njema waliona kwamba Mkataba wa Versailles ulikuwa mkali, na kwamba mtu kuingiza askari katika nchi yake mwenyewe si sababu ya kupigana. Japani ilikuwa ikiisumbua Uchina, Italia ilikuwa ikisumbua Bahari ya Kati, na Bunge la Marekani lilikuwa likipitisha sheria za kujitenga na vita vya wengine. Wako pia waliomwogopa Mrusi kuliko walivyomwogopa Hitler. Hizi ni sababu za kweli. Lakini kila sababu ya kungojea ilimfaa yule aliyekuwa akijenga zaidi kuliko waliokuwa wakingojea, na kila mwaka uliopita uliongeza gharama ya kumzuia. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Liko jambo la pili ambalo hatuna budi kulitaja, maana linatuhusu. Dola kubwa zilipochoka kuandika lawama, zilianza kutafuta la kumpa Hitler ili aridhike, na walilolipata kwa wepesi lilikuwa mali ya watu wengine. Tarehe 3 Machi 1938 balozi wa Uingereza, Sir Nevile Henderson, alimwendea Hitler na mpango wa kupanga upya utawala wa sehemu za Afrika ya Kati, ambamo Ujerumani ingepewa fungu lake. Sehemu kubwa ya nchi zile ilikuwa chini ya Wabelgiji na Wareno, nao hawakuwa wameshirikishwa. Wenyeji wa nchi hizo hawakufikiriwa hata kuulizwa. Hitler hakuonyesha haraka ya makoloni. Alikuwa akitazama Austria na Chekoslovakia. Siku tisa baadaye majeshi yake yaliingia Austria. Basi watu wa Afrika hawakuokolewa na mtetezi katika baraza lile. Aliyekuwa akitolewa zawadi alikuwa na hamu na kitu kingine kwanza, ndiyo sababu wakaachwa.

Wacheki hawakuwa na bahati hiyo. Mwezi wa Septemba 1938 Bwana Chamberlain, Waziri Mkuu wa Uingereza, alisafiri kwa ndege mara tatu kwenda kuonana na Hitler. Mara ya tatu ilikuwa Munich, tarehe 29, pamoja na Daladier wa Ufaransa na Mussolini wa Italia. Chekoslovakia ilikuwa na mapatano ya ulinzi na Ufaransa, ilikuwa na jeshi zuri na ngome imara milimani. Wajumbe wake wawili walikuwako Munich, lakini hawakuingia katika mkutano. Waliwekwa hotelini wakingojea, na usiku wa manane wakaonyeshwa ramani na maandishi yaliyokwisha kukatwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Ngome zote zikatwaliwa bila risasi moja, kati ya tarehe 1 na tarehe 10 Oktoba. Chamberlain akarudi London na karatasi yenye sahihi ya Hitler, akaipunga mbele ya watu, nao wakamshangilia kwa furaha ya kweli.

Karatasi ile ilidumu miezi mitano na nusu. Tarehe 15 Machi 1939 Wajerumani waliingia Prague, wakachukua silaha za jeshi la Wacheki na viwanda vikubwa vya Skoda, navyo vikaanza kuwafanyia kazi wao. Sasa ndipo Uingereza ilipogeuka. Tarehe 31 Machi ilitangaza kwamba itailinda Poland. Lakini mtu aliyeahidi mara nyingi bila kutenda hupata shida kuaminiwa siku atakayoahidi kwa moyo. Hitler hakuamini. Urusi nayo ilitia shaka: wakati wa kiangazi wajumbe wa kijeshi wa Uingereza na Ufaransa walipelekwa Moscow kwa meli ya mwendo wa polepole, na walipoketi mezani ikaonekana kwamba mkuu wa wajumbe wa Uingereza hana hati ya kumpa mamlaka ya kutia sahihi. Karani gani hajui maana ya jambo hilo? Tarehe 23 Agosti Urusi ilitia sahihi mapatano na Ujerumani. Tarehe 1 Septemba Poland ikashambuliwa. Tarehe 3 Uingereza na Ufaransa zikaingia vitani, bila Wacheki, bila Warusi, na Ujerumani ikiwa na nguvu mara nyingi kuliko ile ya Machi 1936.

Gharama ililipwa na watu ambao hawakupata kusikia majina ya Stresa wala Locarno. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walivaa sare za King's African Rifles, wakapigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944 na 1945. Wengi hawakurudi. Ukitafuta mwanzo wa safari yao, utaukuta katika faili la barua zilizoandikwa vizuri.

Sasa, sisi tulio watumishi wa Serikali tuna mafunzo gani? La kwanza lahusu taarifa. Rumbold aliandika aliyoyaona, ingawa hayakuwa yale ambayo wakubwa walipenda kusikia, na hakuna awezaye kumlaumu. Palikuwa na mtumishi mwingine katika Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Uingereza, Ralph Wigram, ambaye alihangaika sana hata akampa Bwana Churchill, aliyekuwa mbunge asiye na wizara wakati huo, hesabu za silaha za Ujerumani. Alifariki mwisho wa mwaka 1936. Kutoa siri ya kazi si jambo jepesi, wala hatuwahimizi wanachama kulifanya. Twasema kwamba serikali isiyosoma taarifa za watumishi wake ndiyo inayowatia katika mtihani wa namna ile, wachague baina ya kiapo chao na usalama wa watu wao. Mtumishi ana wajibu wa kuandika kweli na kutia tarehe. Mkubwa ana wajibu wa kuisoma na kuandika pembeni kitakachofanywa. Maneno “imeonekana, iwekwe” yasihesabiwe kuwa jibu.

La pili lahusu mikutano yetu wenyewe. Chama chetu hupitisha maazimio mengi, na mengine hurudi mwaka wa pili kwa maneno yaleyale. Twapendekeza kwamba katika kumbukumbu za kila mkutano, mbele ya kila azimio pawe na safu tatu: ni nani atakayelitenda, kabla ya tarehe gani, na kama halikujibiwa tutafanya nini. Azimio ambalo safu ya tatu yake ni tupu lisipitishwe, kwa kuwa anayeandikiwa ataliona lile pengo haraka kuliko sisi tulioliacha.

La tatu lahusu wasiokuwapo. Yajapo mashauri ya mishahara, nyumba au uhamisho, aghalabu wanaohudhuria ni makarani wa mijini, nao matarishi, wauguzi wa vituo vya mbali na walimu wa vijijini hawamo chumbani. Ni rahisi sana kupata mapatano kwa kukubali fungu lao lipunguzwe. Tusiwafanyie hivyo. Matawi yote yanaombwa kuleta majina ya wajumbe wa watumishi hao kabla ya mkutano mkuu, na shauri lolote linalowahusu lisikatwe mpaka wawe wameketi.